Schoenheimer: Mkimbizi aliyefichua siri ya mwili usiotulia

Na Mwandishi Wetu

KILA asubuhi katika hospitali na maabara za mijini hupanga foleni watu ambao hawajatia kitu kinywani tangu usiku, wakisubiri kutolewa damu ili wapimwe kiwango cha lehemu, yaani kolesteroli. Wengi wao hawajapata kulisikia jina la tabibu Mjerumani aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuonyesha kwamba mwili hujitengenezea lehemu wenyewe na kuivunja wenyewe.

Tabibu huyo ni Rudolf Schoenheimer. Alilazimika kuihama nchi yake, akafanya kazi yake kubwa ugenini kwa muda wa miaka minane tu, kisha akafariki akiwa na miaka 43.

Hakupata Tuzo ya Nobel. Hata hivyo, ni vigumu kuandika historia ya biokemia ya karne ya 20 bila kumtaja, kwani yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, jijini New York, ndio waliobainisha kuwa mafuta, nyama na maini ya mtu mzima havikai kama vilivyo. Kila siku sehemu yake huvunjwa na kujengwa upya, hata kama uzito wa mtu haubadiliki.

Kijana wa Berlin

Schoenheimer alizaliwa Mei 10, 1898 jijini Berlin, katika familia ya Kiyahudi. Alimaliza masomo ya sekondari wakati Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikiwa imepamba moto, naye akaingizwa jeshini kama vijana wengine wa rika lake.

Vita vilipokwisha alirejea Berlin kusomea udaktari, akahitimu mwaka 1922. Alianza kazi katika hospitali ya Moabit ya jijini humo, kwenye kitengo cha patholojia, ambako madaktari huchunguza maiti na viungo ili kujua chanzo cha ugonjwa.

Huko ndiko alikovutiwa na swali ambalo hakuliacha tena: kwa nini mishipa ya damu ya baadhi ya watu hujaa utando wa mafuta na kuwa migumu? Tayari ilikuwa inafahamika kuwa sungura wakilishwa lehemu nyingi mishipa yao huharibika. Kijana huyo alitaka kujua lehemu hiyo inatoka wapi na inakwenda wapi.

Aliona kwamba udaktari peke yake hautoshi kumpa jibu. Akaenda Leipzig kujifunza kemia chini ya Karl Thomas, kisha mwaka 1926 akahamia Freiburg, mji wa kusini magharibi mwa Ujerumani, katika taasisi ya mtaalamu mashuhuri wa patholojia, Ludwig Aschoff.

Freiburg ya miaka hiyo ilikuwa na vichwa vingi vyenye nuru. Alikuwapo George de Hevesy, mwanakemia kutoka Hungaria, ambaye mwaka 1923 alikuwa ametumia risasi yenye mionzi kufuatilia safari ya madini ndani ya mimea. Baadaye aliwasili pia Hans Krebs, ambaye jina lake hadi leo hukaririwa na wanafunzi wa baiolojia kutokana na mzunguko wa Krebs.

Katika mji huo Schoenheimer alionyesha kuwa lehemu ya mimea, tofauti na ile ya wanyama, haifyonzwi na utumbo. Kisha yeye na mwenzake waliwapima panya kwa namna iliyofanana na ukaguzi wa hesabu za duka: kiasi gani kimeingia, kiasi gani kimetoka, kiasi gani kimebaki.

Hesabu hazikulingana. Panya waliokula chakula kisicho na lehemu walikutwa nayo kwa wingi kuliko ilivyotarajiwa, na waliolishwa lehemu nyingi walikutwa na pungufu ya waliyopewa. Maana yake ilikuwa moja: mwili huitengeneza, na mwili huiharibu. Lakini namna unavyofanya hivyo ilibaki fumbo.

Mlango wafungwa

Mwaka 1932 Schoenheimer alimwoa Salome Gluecksohn, mwanabaiolojia aliyezaliwa Danzig, ambaye naye alisomea Freiburg na baadaye akawa bingwa wa jenetiki nchini Marekani. Ndoa hiyo ilikuwa bado changa siasa ilipobisha hodi.

Januari 1933 Adolf Hitler alishika madaraka. Aprili 7 mwaka huo ilitangazwa sheria ya kuwaondoa Wayahudi katika utumishi wa umma, vikiwemo vyuo vikuu. Krebs alikimbilia Uingereza, na Hevesy akaondoka mwaka uliofuata kwenda Denmark. Schoenheimer na mkewe walivuka bahari kwenda Marekani.

Hakuwa mgeni kabisa huko, kwani miaka michache kabla alikuwa amepata kufanya utafiti Chicago. Safari hii alipokewa Columbia, katika idara ya kemia ya viumbe iliyoongozwa na Hans Clarke. Mkuu huyo alifungua mlango kwa wasomi kadhaa waliofukuzwa Ujerumani, na idara yake ikavuna matunda yake.

Kwa bahati, chuo hicho hicho kilikuwa na mwanakemia Harold Urey. Mwaka 1931 Urey alikuwa amegundua haidrojeni nzito, ugunduzi uliompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1934. Mwanafunzi wake mmoja, David Rittenberg, alijiunga na idara ya Clarke mwaka huo wa 1934, akakutanishwa na mkimbizi kutoka Freiburg. Mmoja alijua atomu nzito, mwingine alijua maswali ya mwili.

Kutia chakula alama

Ili kuelewa walichofanya, msomaji afikirie daladala inayotoka Posta kwenda Mwenge. Mtu anayehesabu abiria kila kituo anaweza kuona idadi ile ile kuanzia mwanzo hadi mwisho, akadhani hakuna aliyepanda wala kushuka. Kumbe kila kituo wameshuka watano na kupanda watano.

Hivyo ndivyo wataalamu wengi walivyouona mwili kabla ya Schoenheimer. Tangu mwaka 1905 ilikuwa imetawala nadharia ya Otto Folin, mwanabiokemia wa Marekani, iliyotenganisha kazi mbili: chakula kinachochomwa kuleta nguvu, na uchakavu mdogo wa mwili wenyewe. Mwili ulifananishwa na injini. Petroli huingia na kuungua, lakini chuma cha injini hubaki kile kile, kikichakaa polepole.

Hakukuwa na njia rahisi ya kuijaribu nadharia hiyo. Mafuta yakishaliwa huchanganyika na mafuta yaliyokuwapo mwilini, na hakuna awezaye kuyatofautisha. Mwaka 1904 Franz Knoop alijaribu kuyafunga mafuta na kipande cha kemikali kigeni ili ayatambue kwenye mkojo wa mbwa. Alipata mengi ya maana, lakini kitu kigeni hakiwezi kupita kila mahali anapopita mwenyeji.

Kilichohitajika ni abiria wa kawaida kabisa, aliyevaa kofia ambayo kondakta haioni lakini mhesabuji anaiona. Haidrojeni nzito ilikuwa kofia hiyo. Tabia zake za kikemia hukaribiana sana na za haidrojeni ya kawaida, haina mionzi, lakini uzito wake ni takriban mara mbili. Katika maji ya kawaida ni atomu moja hivi tu kati ya 6,400.

Schoenheimer na Rittenberg walichukua mafuta ya kitani, wakayaunganisha na haidrojeni nzito, kisha wakawalisha panya kwa kiasi kidogo. Kwa mujibu wa nadharia ya injini, kiasi kidogo kama hicho kilipaswa kuchomwa mara moja, na akiba ya mafuta chini ya ngozi ibaki bila kuguswa.

Haikuwa hivyo. Baada ya siku chache sehemu kubwa ya alama ilikutwa ndani ya akiba hiyo, ingawa panya hawakunenepa. Mafuta mapya yalikuwa yameingia ghalani na ya zamani yametoka. Matokeo hayo yalitangazwa katika jarida la Science mwaka 1935.

Majaribio yaliyofuata yalionyesha pia kwamba mwili hugeuza aina moja ya mafuta kuwa nyingine na kuirudisha tena. Ghala la mafuta, lililodhaniwa kuwa stoo iliyofungwa kufuli, lilikuwa soko lenye pilikapilika mchana na usiku.

Mashine ya kupimia atomu

Katika majaribio hayo ya kwanza alama ilipimwa kwa kuyachoma mafuta hadi yatoe maji, kisha kuyachunguza maji hayo kama ni mazito kuliko kawaida. Njia hiyo ilifaa kwa haidrojeni. Lakini swali kubwa zaidi lilihusu protini, yaani nyama yenyewe ya mwili, na alama ya protini ilipaswa kuwa naitrojeni.

Urey alifanikiwa kutenga naitrojeni nzito, ambayo kwa kawaida ni chini ya atomu nne kati ya kila 1,000. Tofauti ya uzito wake na naitrojeni ya kawaida ni ndogo, 15 kwa 14. Kuitambua kulihitaji chombo kinachoitwa spektromita ya masi.

Asili ya chombo hicho ni Cambridge, Uingereza. Huko J. J. Thomson aligundua, kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza, kwamba gesi ya neoni ina atomu za uzito tofauti, na mwaka 1919 msaidizi wake wa zamani, Francis Aston, akaunda chombo bora zaidi kilichompatia Nobel mwaka 1922.

Ufanyaji kazi wake unaweza kueleweka kwa mfano wa barabarani. Pikipiki na lori vikiingia kwenye kona kwa kasi, pikipiki hukata kona kwa urahisi na lori husukumwa nje. Ndani ya chombo hicho gesi hupewa chaji ya umeme, kisha hupitishwa kwenye sumaku inayoikatisha kona. Chembe nyepesi hupinda sana, nzito hupinda kidogo, na kila moja huhesabiwa mahali pake.

Rittenberg aliunda chombo cha namna hiyo pale Columbia. Kila kipande cha nyama, kila tone la mkojo, lilichakatwa hadi naitrojeni yake ikawa gesi. Kisha mashine ikaulizwa: miongoni mwa chembe hizi, ngapi zimevaa kofia?

Wakiwa na wenzao, akiwemo mwanabiokemia Sarah Ratner, waliwalisha panya wakubwa leusini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, ikiwa na alama ya naitrojeni nzito. Panya hao walikuwa wamekwisha kukua na uzito wao ulikuwa hauongezeki. Ilitarajiwa kwamba karibu naitrojeni yote ingetoka na mkojo.

Iliyotoka na mkojo ilikuwa chini ya theluthi moja. Zaidi ya nusu ilikutwa imejengwa ndani ya protini za maini, figo, damu na misuli. Isitoshe, alama hiyo ilikuwa imehamia pia kwenye asidi amino nyingine ambazo panya hawakupewa, isipokuwa laisini, ambayo ilikataa katakata kuipokea.

Kwa matokeo hayo mfano wa injini ulikufa. Injini gani hubadilisha vyuma vyake yenyewe huku ikitembea? Ripoti za kazi hiyo zilichapishwa mfululizo kuanzia mwaka 1939, na ndani ya miaka michache lugha ya biokemia ikawa imebadilika.

Si wote waliokubali mara moja. Wapo waliouliza kama yanayoonekana kwa panya ndiyo yaliyo kwa kila seli na kila kiumbe, na baadaye ilibainika kuwa kasi ya mabadiliko hutofautiana mno: protini nyingine hudumu kwa saa chache, nyingine kwa miezi. Lakini msingi wa hoja haukutikisika.

Mwisho wa ghafla

Kwa nje, mwaka 1941 ulikuwa mwaka wa mavuno kwa Schoenheimer. Alikuwa amealikwa kutoa mihadhara ya heshima katika Chuo Kikuu cha Harvard, na maandishi yake yalikuwa tayari. Maabara ilikuwa imejaa vijana hodari.

Septemba 11 mwaka huo alijiua. Ulaya ilikuwa inaungua, na nchi aliyozaliwa ilikuwa inawaangamiza watu wake. Wengi wameandika kuhusu huzuni iliyomwandama, lakini kifo cha namna hiyo hakina sababu moja ya kuandikwa katika mstari mmoja.

Hakuwahi kusimama Harvard kuitoa mihadhara ile. Ilichapishwa mwaka 1942 ikiwa kitabu kidogo kuhusu hali ya mwendo ya viungo vya mwili, na kitabu hicho kikawa miongoni mwa vilivyosomwa sana na wanabiokemia wa kizazi hicho.

Mirathi ya maabara

Aliyeondoka aliacha maswali mengi kuliko watu wa kuyajibu. Vijana wa maabara yake waligawana kazi. Konrad Bloch, mkimbizi mwingine wa Kiyahudi kutoka Ujerumani, alisimulia baadaye kwamba hakumbuki vizuri ugawaji huo ulifanyikaje, na kwamba huenda walipiga kura. Rittenberg alibaki na protini, David Shemin akapata asidi amino, na Bloch akapata mafuta.

Shemin alijifanya mwenyewe kuwa panya wa majaribio. Alikunywa gramu 66 za glisini yenye naitrojeni nzito kwa muda wa siku tatu, kisha akatolewa damu mara kwa mara kwa miezi kadhaa ili ipimwe katika spektromita. Alama iliingia kwenye chembe nyekundu za damu, ikakaa, halafu ikaanza kupotea.

Kwa njia hiyo yeye na Rittenberg walikadiria mwaka 1946 kwamba chembe nyekundu ya mwanadamu huishi takriban siku 127. Takwimu ya siku 120 wanayofundishwa wanafunzi wa sekondari leo iko jirani kabisa na hapo.

Bloch naye alilirudia swali la kwanza la mwalimu wake. Mwaka 1942 yeye na Rittenberg walionyesha kwamba mwili huijenga lehemu kutokana na asetati, kemikali ndogo ya jamii ya siki. Miaka zaidi ya 20 ya kufuatilia hatua moja baada ya nyingine ilimpatia Bloch Nobel mwaka 1964, akishirikiana na Feodor Lynen wa Ujerumani.

Ramani hiyo ya ujenzi wa lehemu ndiyo iliyowawezesha wataalamu wa dawa kujua mahali pa kuziba. Dawa za jamii ya statini, ambazo ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 1987, huzuia hatua moja ya ujenzi huo ndani ya ini. Mgonjwa anayemeza kidonge hicho usiku anavuna shamba ambalo jembe la kwanza lilipigwa Freiburg.

Alama zafika Afrika Mashariki

Njia ya kutia alama bila mionzi imefika pia katika ukanda wetu. Mwaka 2005 watafiti walichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika kwa akina mama wa jamii ya wafugaji ya Pokot nchini Kenya, waliopewa kunywa maji yenye haidrojeni nzito ili kujua kiasi cha maziwa wanachowanyonyesha watoto wao.

Mantiki ni ile ile: mama hunywa maji yaliyotiwa alama, na alama inayoonekana mwilini mwa mtoto haiwezi kuwa imetoka kwingine zaidi ya titi la mama.

Nchini Tanzania Wahadzabe wanaoishi jirani na Ziwa Eyasi walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, wakinywa maji yenye haidrojeni nzito na oksijeni nzito. Ilibainika kwamba, pamoja na kutembea kwao porini kila siku, nguvu wanayotumia kwa siku haitofautiani sana na ya watu wa Ulaya na Marekani wenye mwili wa ukubwa sawa. Matokeo hayo yangali yanawasumbua wanaodhani unene hutokana na kukaa tu.

Spektromita za sasa nazo zimekua. Tone moja la damu kutoka kisigino cha mtoto mchanga hutumika katika nchi nyingi kupima kwa pamoja makumi ya kemikali, ili magonjwa ya kurithi ya umetaboli yagunduliwe kabla hayajamdhuru. Katika maabara za utafiti mashine moja huorodhesha mamia ya metaboliti, yaani kemikali ndogo zinazozaliwa mwili unapojenga na kuvunja chakula.

Lakini orodha hiyo, hata ikiwa ndefu namna gani, ni hesabu ya abiria waliomo ndani ya daladala kwa dakika hiyo. Ili kujua nani amepanda na nani ameshuka, watafiti wa leo bado hurudi kwenye mbinu ya Columbia, wakakitia chakula alama na kukifuatilia.

Ndiyo sababu ile karatasi anayopewa mtu dirishani mwa maabara, yenye namba moja ya lehemu, husomwa na daktari kwa tahadhari. Namba hiyo ni salio la shughuli isiyosimama, kati ya kinacholiwa, kinachojengwa na ini na kinachotolewa nje. Rudolf Schoenheimer ndiye aliyeufundisha ulimwengu kuisoma hivyo.